Nguzo zimefika kijijini, ndani bado koroboi: hesabu za fundi wa nyaya wa Muheza

FundiNyaya (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni fundi wa wayaringi, naishi Muheza, kazi zinanifikisha Pangani, Mkinga na kule juu Amani. Leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, ninayo, si kishoka, yaani fundi asiye na leseni. Humu nimekuwa msomaji tu kwa muda mrefu, sijawahi kuanzisha uzi. Leo naanzisha kwa sababu ya nyumba moja niliyoingia wiki iliyopita.

Ni kijiji cha pwani, upande wa Pangani. Nguzo zimefika, transfoma ipo karibu na msikiti. Nilitembea njia moja kutoka msikitini hadi dikoni wanakoshusha samaki, nikihesabu. Nyumba 34. Zenye mita 11. Katika hizo 11, mwenyekiti wa kitongoji ananiambia zinazonunua umeme kila mwezi ni 4.

Bibi aliyeniita alikuwa na tatizo la soketi. Nyumba yake ni ya fito na udongo, paa la makuti, kwa hiyo hakutandaziwa nyaya ukutani. Alifungiwa UMETA, ule ubao wenye swichi, soketi na taa unaopigiliwa kwenye mhimili wa nyumba. Soketi ilikuwa nzima, iliyokufa ni chaja ya simu. Nikatazama mita, zimebaki uniti 1.3. Nikamuuliza alinunua lini mara ya mwisho. Akachomoa kijikaratasi nyuma ya ubao, kile chenye tarakimu 20, kimeshabadilika rangi kwa moshi wa jikoni. Shilingi 1,000, uniti 8.2, miezi minne iliyopita.

Nikamwambia, "Bibi, mbona unautumia kidogo namna hii?"

Akanijibu, "Nina taa moja na simu ya mjukuu. Kuna nini kingine cha kuwasha, mwanangu?"

Nilikosa la kusema. Swali hilo nimelibeba njia nzima nikirudi na pikipiki, na hapa chini najaribu kulijibu.

Tuanze na upande wa anayeuza. Mteja mdogo wa majumbani, wa D1, tuliyezoea kumwita wa tarifu 4, anauziwa uniti kwa shilingi 100 mpaka afike uniti 75 kwa mwezi. Weka VAT asilimia 18, EWURA asilimia 1, na REA, wakala wa nishati vijijini, asilimia 3, inakuwa 122. Ndiyo maana buku linatoa uniti 8.2. Katika lile buku la bibi, shirika la umeme, TANESCO, limebaki na kama shilingi 820, kwa miezi minne. Kwa fedha hiyo kuna laini imevutwa kutoka barabara kuu, kuna transfoma, na kuna watu wanaotakiwa kutoka mjini na gari usiku mnazi ukiangukia waya.

Haya, tumchukue anayejitahidi, uniti 30 kwa mwezi. Hiyo ni 3,000 kwa shirika kabla ya kodi. Kijiji chenye wateja 100 wa aina hii kinaingiza 3,600,000 kwa mwaka mzima. Wakuu, fedha hiyo hainunui hata transfoma iliyosimama pale, sembuse nguzo na nyaya zilizokuja nayo, na hapo hatujagusa gharama ya kuuzalisha umeme wenyewe. Mfanyabiashara yeyote akipiga hesabu hii atakuambia baki na koroboi lako.

Kwa hiyo anayelipa ni sote. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 ndiyo iliyoleta REA na mfuko wake, na REA ikaanza kazi 2007. Ile asilimia 3 ya kila uniti inayonunuliwa Ngamiani au Raskazone, Tanga mjini, inakwenda huko. Na kila lita ya petroli au dizeli ina shilingi 100 ya mfuko huo. Bodaboda anayejaza lita tatu asubuhi pale Chumbageni ametoa 300 ya umeme wa kijijini kabla hajapata abiria. Napenda vijana wale walijue hili, kwa sababu nguzo za nyumbani kwao ni za kwao kweli.

Kuunganishwa nako kumeshushwa sana. Mwaka 2013 kijijini ilikuwa 177,000 na mjini 320,960. Sasa kijijini ni 27,000. Na vijiji vyote 12,318 vya Bara vimeshahesabiwa kuwa vimefikiwa, kazi iliyobaki ni vitongoji, ambavyo ni 64,359. Ni kazi kubwa na siibezi. Mimi mwenyewe ugali wangu unatoka humo.

Lakini 27,000 inakufikisha kwenye mita tu. Kutoka mita kuingia ndani unaniita mimi. Nyumba ya vyumba viwili na sebule, ukijumlisha waya, meni swichi, breka, holda, soketi, eathi na ufundi, hainipungui laki mbili na nusu hata nikimhurumia mtu. Hapo taa zinawaka. Bado pasi, bado friji, bado mota. Tumeweka ruzuku kubwa njia nzima kutoka bwawani hadi ukutani, na pale ukutani tumemwachia bibi mzigo uliobaki, wakati ndipo penye kitu cha kumfanya auhitaji huo umeme.

Mkoa wetu una historia inayoniuma katika hili. Maporomoko ya Pangani yalianza kutoa umeme 1936, ukapelekwa Tanga na kwenye mashamba ya mkonge. Hale ikaja 1964, megawati 21. New Pangani Falls 1995, megawati 68. Babu yangu alikuwa mkata mkonge. Waya ulipita juu ya kambi yao kwenda kwenye korona, mashine ya kusaga majani ya mkonge, wao chini wanawasha kibatari. Umeme ulikwenda kwenye mashine kwa sababu mashine ndiyo iliyoweza kuulipa. Ule ulikuwa ubaguzi. Lakini hesabu yake tusiitupe pamoja nao, kwa sababu laini inalindwa na kitu kinachozunguka mchana kutwa, na taa moja ya jioni haiwezi kuilinda.

Sasa twende dikoni. Kijiji kilekile kuna mama mmoja ana friza la lita 200 alilonunuliwa na mwanawe aliyeko Dar. Anagandisha maji kwenye chupa za lita moja na nusu, anawauzia wavuvi na wachuuzi. Chupa 10 kwa siku zikiwa nyingi, 500 kila moja. Friza lake na barafu lile linakula kama uniti 2.5 kwa siku. Kwa mwezi ni 75. Weka taa, redio na televisheni yake, uniti 20. Jumla 95.

Mmeona kilichotokea? Amevuka mstari. Zile za juu ya 75 anauziwa 350, na kodi zake inafika 427. Akizoea kuzidi, anahamishwa tarifu 1, uniti zote kwa 292, yaani 356 na makato. Kutoka 122 hadi 356! Yeye ndiye mteja bora kuliko wote kijijini, ndiye anayeifanya ile transfoma ipate maana, na ndiye tunayempandishia bei.

Ninalopendekeza ni hili. Shilingi inayofuata ya ruzuku isiende kwenye nguzo peke yake. Iende kwenye nyaya za ndani na kwenye chombo cha kwanza cha kazi, iwe friza, cherehani ya mota au mashine ya kukamua machungwa huku kwetu Muheza ambako kila msimu yanaoza chini ya miti. Iwe mkopo wala si zawadi, na urudishwe kupitia LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kutumia, kidogo kidogo kila mtu anaponunua. LUKU inakusanya kodi ya jengo tangu 2021, sasa ni 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kama inaweza kukusanya kodi, itashindwaje kukusanya mkopo wa friza?

Naomba michango, hasa wa huko vijijini.

---

MwanaDiko

Mkuu umeongea kitu. Mimi natoka huko huko. Bila barafu, mashua ikiingia saa kumi na moja jioni mchuuzi anakukaribisha kwa bei yake, kwa sababu anajua na wewe unajua kwamba asubuhi yule kolekole hatakuwa wa kuliwa. Ukiwa na chupa sita za barafu kwenye ndoo unaweza kumwambia "nenda, tutaonana alfajiri." Akiondoka hatua kumi anarudi.

Zamani tulifuata mabarafu Tanga mjini kwa basi, tumeyafunga kwa magunia na pumba za mbao. Nusu yanafika maji.

---

MhasibuMdogo

FundiNyaya, uzi mzuri na kwa sehemu kubwa nakuunga mkono, lakini pale kwenye tarifu umeteleza. Niruhusu nikuonyeshe kwa namba zako mwenyewe.

Friza linakula uniti 2.5 kwa siku. Kwa bei ya chini, 122, ni shilingi 305. Kwa tarifu 1, 356, ni shilingi 890. Tofauti ni 585 kwa siku. Mama anauza chupa 10 kwa 500, anapata 5,000. Akilipa umeme wa bei kubwa kabisa anabaki na 4,110 kabla ya maji na chupa. Hebu niambie, hiyo 585 ndiyo inayomzuia jirani yake naye kufanya biashara hii?

Kinachomzuia jirani ni bei ya friza. Friza la namna hiyo dukani Tanga linakaribia laki nane. Kwa faida ya elfu nne kwa siku, siku zote akauza, linarudisha fedha ndani ya miezi saba. Ni biashara nzuri kuliko nyingi ninazoziandikia vitabu. Lakini hizo laki nane anatoa wapi kwa mkupuo mtu ambaye fedha yake inakuja kwa bamvua na kuondoka na bamvua?

Na ile bei ya 100 inawezekana kwa sababu wa 292 wapo. Ukimshusha mama wa friza, lazima umpandishe bibi wa uniti 8. Ukikataa kumpandisha, shirika litaacha kukarabati laini, na atakayeumia wa kwanza ni aliye mwisho wa waya. Niliwahi kufanya hesabu za mwekezaji mdogo wa umeme wa jua kisiwani, si huku kwetu. Akiuza kwa bei inayorudisha mtaji wake, wanakijiji wanalia na wana haki. Akilazimishwa kuuza kwa 100, anafunga na kuondoka. Bei ya chini lazima iwe na mtu wa kuifidia, haijifidii yenyewe.

---

FundiNyaya

MhasibuMdogo, nimesoma mara mbili na nimechukua kikokotoo. Uko sawa. Nilikuwa nimeiona 356 nikakasirika, sikuigawa kwa chupa. Naliondoa lile la tarifu. Umebaki mtaji, na hapo sasa tunasema jambo moja.

Niongeze tu kwamba kuna njia halali ya kumsaidia: aombe mita ya pili kwa ajili ya biashara. Ya nyumba inabaki tarifu 4, uniti 20 kwa 2,440 kwa mwezi, na friza linajitegemea. Nimeshawafungia watu watatu hivyo. Anajua kila shilingi ya barafu imetoka wapi.

---

BintKorogwe

Nawaheshimu, lakini niseme upande mwingine kwa sababu niliusoma darasani na ulinisumbua.

Kuna utafiti ulifanyika hapo jirani Kenya, Busia na Siaya, vijiji 150, na Kenneth Lee, Edward Miguel na Catherine Wolfram, ukachapishwa 2020. Walichofanya ni kuwapa watu bei tofauti za kuunganishwa kwa kura. Bei rasmi ilikuwa 35,000 za Kenya. Waliopewa bure, karibu wote waliunganisha. Lakini waliopunguziwa zaidi ya nusu ya bei, walioitika hawakufika hata robo. Kisha wakawafuata kwa zaidi ya mwaka kuona maisha yamebadilika vipi, kipato, afya, watoto shuleni. Mabadiliko waliyoyakuta yalikuwa madogo mno. Na gharama ya kuunganisha nyumba moja ilizidi mbali kile ambacho mwenye nyumba alikuwa tayari kukitoa.

Na msidhani ni Kenya tu. Mradi wa MCC wa fedha za Marekani, 2008 hadi 2013, ulivuta laini kwenye mikoa sita na Tanga yetu ilikuwamo. Tathmini iliyofuata ilikuta waliounganishwa ni wachache kuliko waliotarajiwa. Pale bei ya kuunganishwa iliposhushwa ndipo watu waliongezeka.

Swali langu ni gumu na naliuliza kwa nia njema. Kama bibi anatumia uniti mbili kwa mwezi, paneli ndogo ya sola na betri ingemtosha kabisa. Fedha ya laini ile ingejenga nini kingine? Zahanati? Barabara ya kupitisha machungwa?

---

ShambaaWaSoni

Sola kwetu milimani Juni hadi Agosti ni ukungu mtupu, dada. Siku tatu hujaona jua.

---

FundiNyaya

BintKorogwe, ahsante. Ni swali ambalo mtu anayefunga nyaya anapaswa kuulizwa.

Mimi nafunga sola pia, na kwa bibi yule, kwa leo, paneli ingetosha. Sitabishana. Lakini angalia hao wa Busia walipewa nini. Walipewa waya. Mtafiti akarudi baada ya mwaka na miezi, akakuta taa, simu na televisheni. Mimi nisiyesoma nakuta hayohayo kila siku, kwa hiyo naamini walichokipima. Ninachokiona humo ni kwamba waya peke yake haulimi wala haugandishi. Ukienda Afrika Kusini, KwaZulu-Natal, mtafiti Taryn Dinkelman alikuta vijiji vilivyopata umeme wanawake wengi zaidi waliingia kwenye kazi za kipato, na maelezo yake ni kwamba kazi za nyumbani zilichukua muda mchache na biashara ndogo zikawezekana. Kule familia zilikuwa na namna ya kupata jiko la umeme na friji. Muda wa mama ukafunguka.

Halafu tuangalie waliotutangulia. Marekani 1935 shamba moja tu katika kumi ndilo lililokuwa na umeme, kampuni binafsi zilikataa kuvuta waya vijijini kwa hesabu ileile niliyoiweka juu. Serikali ya Roosevelt ikaunda chombo cha umeme vijijini ambacho kifupi chake nacho ni REA. Kikawakopesha wakulima waliojiunga kwa ushirika wavute laini zao wenyewe. Sheria yao ya 1936 haikuishia kwenye nguzo, iliruhusu mikopo ya nyaya za ndani ya nyumba na vifaa. Mkulima alikopa waya, akakopa pampu ya maji, akalipa taratibu. Walijua kwamba mteja asiye na kitu cha kuwasha ataifilisi laini.

Kuhusu zahanati: chanjo inakaa kwenye friji.

Na jambo la mwisho kwako. Bwawa la Julius Nyerere limekamilika 2025, mashine tisa za megawati 235, jumla 2,115. Nchi sasa ina uwezo mkubwa kuliko inavyotumia. Miaka ya mgawo, uniti ya kijijini ilikuwa kama unamnyang'anya wa kiwandani. Leo maji yanaweza kupita bila kuzungusha kitu kwa sababu hakuna anayehitaji. Uniti anayoinunua mama wa friza usiku haimnyimi mtu.

---

MziguaKilindi

Jamani na sisi wa mahindi mtusikie. Kwetu laini imeletwa ya njia moja. Mwenye kinu cha dizeli alifurahi, akauza injini, akaenda kununua mota. Mota ya kinu ya horsipawa 20 inataka umeme wa njia tatu! Akaambiwa njia tatu imeishia kijiji cha pili, kilomita tano. Mota ipo chini ya mwembe imefunikwa turubai mwaka wa pili sasa. Wanawake wamerudi kutembea na madebe.

Waliopima waliuliza nyumba ngapi zitawaka taa. Hakuna aliyeuliza kinu kiko wapi.

---

FundiNyaya

MziguaKilindi, hii yako ningeiweka juu kabisa ya uzi kama ningeijua mapema.

Kwa wasiofahamu: kuvuta fezi moja, ndiyo hiyo njia moja, ni nafuu kuliko tatu, waya mchache, vifaa vichache, na ukihesabu mafanikio kwa idadi ya vitongoji vilivyofikiwa, nafuu inashinda. Lakini kinu kimoja cha kilowati 15 kikizunguka saa tano kwa siku kinakula hadi uniti 75 kwa siku. Kinachotumiwa na bibi wangu kwa miaka mitatu, kinu kinakimaliza siku moja, na kwa bei ya 292. Kwa fedha ya umeme tu, kilomita tano za fezi mbili zilizobaki zingeanza kujilipa siku kinu kinawashwa.

Anayejua njia ya kuomba kuongezewa fezi kwa kijiji kizima, si mteja mmoja, amwandikie hapa huyu ndugu yetu.

---

MamaKikoba

Kaka fundi, mimi ni mweka hazina wa kikoba hapa Mkinga, tuko wanawake 28. Wazo lako la mkopo kwenye LUKU nimelipenda, halafu nikaliogopa. Nieleze kwa nini.

Kwenye kikoba mtu akikwama tunakaa naye. Tunajua kama mumewe anaumwa, kama mashua imezama. Tunamsogezea mbele. LUKU haijui. Mwezi akiwa na 2,000 tu, akikatwa mkopo na kodi ya jengo, anabaki na uniti za siku mbili. Friza linayeyuka, barafu hana, mkopo ndio unazidi. Utakuwa umechukua deni ukaliweka kwenye kilekile kinachomlipia deni.

---

FundiNyaya

Dada yangu, nimekaa na maneno yako tangu jana usiku. Sikuwa nimeliona.

Pengine basi mkopo uwe wa kikoba na LUKU iwe mlango wa kupitishia tu. Mfuko uwape vikoba fedha ya mtaji kwa riba ndogo, nyinyi mchague nani anapata friza, nyinyi mjue nani asogezewe. Makato yawe sehemu ya kila uniti anayonunua, yasiwe kiasi maalumu cha mwezi. Akinunua kidogo analipa kidogo, asiponunua halimbikiziwi. Kwa mfano ile 2.5 kwa siku ikiongezwa 800 kwa uniti mpaka friza limalizike, ni 2,000 kwa siku. Kwa hesabu za MhasibuMdogo bado anabaki na zaidi ya 2,000 mkononi, na friza linaisha kulipwa kwa kama siku 400. Msimu wa kusi bahari ikichafuka, anazima, halipi.

Unaonaje?

---

MamaKikoba

Hapo sawa. Lakini mkopo wa kwanza apewe mwenye jirani. Friza mbili ziko karibu, moja ikifa nyingine inaokoa barafu. Wanawake wawili wanadhaminiana.

---

FundiNyaya

Nimerudi wakuu, siku kumi baadaye. Nilikwenda tena kule Pangani.

Friza la yule mama lilikuwa linanguruma bila kugandisha. Nikaweka kipimo saa mbili usiku: volti 168. Inatakiwa 230. Friza kwa volti hizo linajikaanga lenyewe, kompresa ingekufa ndani ya wiki chache na laki nane za mwanawe zingeishia pale. Kesho yake nikafuata nguzo moja moja nikitazama juu. Nyumba zote za upande wa dikoni zimeshikwa kwenye fezi moja, fezi nyingine mbili zinapita zikiwa karibu tupu hadi mwisho. Tukaandika barua na mwenyekiti, mafundi wa laini wakaja, wakahamisha nyumba sita kwenye fezi nyingine. Kazi ya saa moja na nusu, hakuna hata nguzo iliyoongezwa. Usiku ule saa mbili ileile: volti 214.

Hili nalitaja kwa wote wenye friza mwisho wa laini. Kabla hujalaumu friza, mwite fundi mwenye kipimo saa mbili usiku, wala si saa nne asubuhi. Asubuhi kila mahali ni 230.

Nikapita kwa bibi kumpa chaja mpya. Nikakuta mjukuu ana ndoo ya vipakti vya ubuyu anapeleka kugandishwa kwa mama wa friza, wamekubaliana kila vipakti vitano kimoja cha mwenye friza. Bibi ameniuliza friza dogo kabisa ni shilingi ngapi. Nikamtajia. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama lile paa la makuti linaruhusu.

Linaruhusu, bibi, tukiweka waya kwenye bomba na kuupitisha ukutani, mbali na makuti. Jumamosi narudi kupima.